Oili Nyekundu Kwenye Tangi la Dizeli

Mpendwa Baba Yusta,

Leo asubuhi nimeandika tarehe juu ya ukurasa wa shajara yangu kama kawaida, kisha kalamu ikagoma. Basi nakuandikia wewe, na yeyote wa Temeke ajuaye kusoma, na asome.

Ulikuwa ukibeba nazi kutoka Mbagala, na lile lori bovu la tajiri wako lilikusumbua tangu siku uliyokabidhiwa. "Sikiliza pampu," uliniambia, umelala chini ya injini, miguu tu ndiyo inaonekana. "Inatafuna chuma. Dizeli hii kavu mno, haiilainishi." Ukaenda Kariakoo ukanunua oili ya pikipiki, ile nyekundu wanayochanganya na petroli, ukawa unaitia kidogo kila unapojaza tangi. Oili kwanza, dizeli juu yake, ili ichanganyike yenyewe. Siku ya kwanza nilicheka, maana uliligonga tangi kwa kiganja ukasema, "Kunywa, bibie, kunywa."

"Mke mwenzangu huyo?"

"Huyu angalau hanuni," ukajibu.

Pampu ikatulia kweli. Na hilo "kunywa, bibie" lako ndilo lililokuua.

Siku ile nilikuwa nimekaa kando yako dizeli ilipotuishia karibu na kisima cha Mtoni. Hatukujua kwamba binti wa Mwanahawa, muuza vitumbua, alikuwa hajaonekana tangu asubuhi. Hatukujua kwamba wanawake waliokuwa wakitwanga mchele pale kisimani walikuwa wakinong'ona habari za mumiani, hao wanaosemwa kuwa huwanyonya watu damu wakaifanye dawa. Ukashuka na debe lako na chupa yako. Ukamimina. "Kunywa, bibie, kunywa."

Mtu akaangusha ndoo. "Damu! Analinywesha gari damu!"

Walikuja na mawe na magongo. Jiwe la kwanza lilikupata begani nawe bado unacheka, ukidhani utani. "Jamani, oili hii! Oili ya pikipiki! Nuseni!" Hakuna aliyenusa. Nikashuka nikipiga kelele. Mtu akanikamata nywele akanibamiza kwenye mlango wa lori, nikameza jino langu pamoja na damu.

Ndipo ukapata wazo lako. Nakuona hadi leo, jicho moja limefumba, unalowesha kitambaa. "Damu haiwaki! Tazameni, ndugu zangu, damu haiwaki!" Ukawasha kibiriti. Kitambaa kikashika moto, moshi mzito ukapanda, magongo yakashuka. Nikajua tumepona.

Mwanahawa akapiga yowe: "Damu inayowaka! Ndiyo dawa yao hiyo! Mwanangu yumo humo!"

Mchi wake ndio uliokuangusha. Wengine wakamalizia. Sauti ya mchi juu ya mfupa ni ile ile ya mchi ndani ya kinu, Baba Yusta, na mimi tangu siku ile kinu hakiingii nyumbani kwangu. Kitambaa chako wakakitupa tangini. Lori liliungua na nazi zake, zikawa zinapasuka moja moja, nami nikiwa nimekulalia kifuani ili wasikuburute motoni.

Mtoto alipatikana jioni kwa shangazi yake Chang'ombe, amelala.

Askari waliwachukua wanaume kadhaa. Mwanahawa hawakumgusa, watu walisema ni mama, alikuwa na uchungu. Mimi je, nilikuwa na nini?

Sasa binti yake yumo darasani kwangu. Ana mwandiko mzuri. Siku moja alimwaga wino, nikainua fimbo, nikahisi mkono wangu unataka kwenda mbali kuliko kosa lake. Nikaitupa dirishani. Tangu hapo nafundisha mikono mitupu.

Jana nilikuwa natoka shuleni. Lori lilikuwa limesimama kisimani likinguruma, dereva anachota maji ya rejeta, na pampu inatafuna chuma. Nilikwenda nyumbani nikaitoa uvunguni chupa ya mwisho uliyoiacha, nikarudi.

"Shikamoo, mwalimu. Unauza nini?" akauliza dereva.

"Siuzi. Fungua tangi, halafu shika debe la dizeli."

Michi ikasimama. Mwanahawa alikuwa na ndoo kichwani. Niliinua chupa juu ili wote waone wekundu wake, nikamimina polepole. Sikwenda kusamehe. Nilikwenda ili wasikie. Nikaligonga tangi kwa kiganja, nikimtazama yeye machoni, nikasema kwa sauti yote niliyo nayo: "Kunywa, bibie, kunywa."

Hakuna aliyeinama kuokota jiwe. Ndoo ya Mwanahawa ilitikisika, maji yakamshuka usoni, asiyafute. Dereva akamimina dizeli yake juu ya oili yako, akakanyaga mafuta kwa muda, na kidogo kidogo ile pampu ikaacha kulia.

Lala, Baba Yusta. Chupa imekwisha.

Mkeo,
Mama Yusta