Mama Mchungaji Hasafiri

Kasokola, Mpanda

Mama yangu mpendwa,

Ugonile, Mama. Mimi Atupele wako ni mzima, mjukuu wako Tumaini ni mzima, na mkweo Lwitiko naye ni mzima, ingawa goti linamsumbua tangu aanguke na baiskeli akitoka kuhubiri Mishamo. Sijui nyie huko Tukuyu. Baridi imeshaanza? Migomba ya nyuma imesimama au upepo umeilaza tena? Na macho, Mama, yanaendeleaje? Tusekile aliniandikia kwamba sasa unamtambua mtu kwa sauti, na kwamba ulimfukuza kuku wako mwenyewe ukidhani ni wa jirani. Nilicheka, halafu nikalia.

Tusekile mdogo wangu, wewe unayemsomea, hakikisha uko na Mama peke yake. Hao wageni waliowaletea barua hii, Mzee Petro na mkewe Mama Roda, wape maji ya kuoga na uji wa moto kwanza, safari ni ndefu. Mzee Petro ni shemasi mkuu wa kanisa letu. Ni watu wema kabisa, ila haya ninayoandika si ya masikio yao.

Mama, nianze na Baba. Najua hadi leo una kinyongo kwamba sikuja kumzika. Lwitiko alikuja peke yake, akawaambia barabara ya Sumbawanga imekatika. Ilikuwa imekatika kweli, lakini yeye si alipita? Mliona haya kumbana kwa vile ni mchungaji. Sasa nakwambia mwenyewe: sikuja kwa sababu kanisa lilinikatalia.

Ili unielewe, sina budi nikueleze kanisa hili lilikotoka. Mchungaji wa kwanza alishuka na treni kutoka Tabora, ana baiskeli na sanduku la vitabu vya nyimbo. Akaanza kuhubiri kwenye banda la kukaushia tumbaku. Watu wakaokoka, wakafyatua matofali wenyewe, wanawake wakibeba maji ya udongo kichwani tangu mtoni. Mzee Petro alikuwa wa kwanza kubatizwa. Akisimulia mpaka leo anatetemeka, anasema alizamishwa kwenye maji ya baridi hadi akasahau jina lake. Kanisa lilipoezekwa tu, mchungaji akapata habari kwamba baba yake anaumwa. Wakamchinjia mbuzi, wakamsindikiza stesheni na mkewe na watoto wote huku wanaimba. Wakawa wanaisubiri treni kila inapoingia. Hakurudi.

Wa pili alikuwa kijana, mpiga gitaa, kwaya ikampenda mno. Alipoaga kwenda likizo, Mama Roda aliona mkewe amefunga cherehani kwenye mkeka. Akawauliza wenzake, "Jamani, mtu wa likizo cherehani ya nini?" Wakamwambia ana wivu. Naye huyo, Mama, hakurudi. Mama Roda hajawasamehe mpaka leo, akikasirika kidogo tu utasikia, "Niliwaambia cherehani!"

Baada ya hapo walikaa miaka bila mchungaji. Huku kwetu Wabaptisti shemasi anaweza kuhubiri, lakini hawa waliapa kwamba ubatizo na Meza ya Bwana vinamngoja mchungaji. Watu wakangoja. Mchwa wakala milango, mbuzi wakalala madhabahuni. Mama mzazi wa Mama Roda aliamini akiwa mzee sana, akangoja abatizwe, akafa anangoja. Siku ya msiba ule ndipo wakaitisha mkutano wa kanisa, wakanyoosha mikono, ikapita: mchungaji atakayekuja atasafiri apendavyo, lakini mke na watoto wanabaki Kasokola.

Lwitiko aliambiwa hayo walipomwita. Akakubali. Hakuniambia! Nilikuja kujua siku ya habari ya Baba, nimeshajifunga kanga, begi liko kichwani, mashemasi wamekaa barazani kwangu wanaangalia chini. Mzee Petro akasema kwa upole sana, "Mama Mchungaji hasafiri, mwanangu. Sisi tutalia na wewe hapa hapa." Na kweli walilia. Walifanya matanga ya Baba kana kwamba alikuwa mtu wa Kasokola. Usiku nilimuuliza mume wangu, "Uliniweka rehani?" Akajibu, "Nilidhani watasahau." Nilikaa muda mrefu bila kumsemesha zaidi ya "chakula tayari".

Sitaki udhani wananitesa. Laiti wangenitesa, ningetoroka. Nilipopata uchungu wa Tumaini na mambo yakaharibika, wanaume wa kanisa hili walinibeba kwenye kitanda mpaka hospitali ya Mpanda, wanapokezana, matope hadi magotini. Shamba langu linalimwa kabla sijashika jembe. Asali, maharage, vinaletwa mlangoni. Lakini nikienda sokoni Kashaulili, lazima mama mmoja anisindikize "kukusaidia kikapu". Nikisimama tu karibu na malori ya Sumbawanga, ananishika mkono, "Twende Mama Mchungaji, jua kali." Hata begi langu wanalijua. Siku nilipolianika juani kwa sababu ya kombamwiko, wanawake watatu walikuja kunisalimia kabla halijapata joto.

Barua ya Tusekile kuhusu macho yako ilipofika, nikasema basi, liwalo na liwe. Nikasimama kwenye mkutano wa kanisa, mimi ambaye huwa nakaa nyuma na kunyonyesha. Nikawaambia mama yangu anapofuka na hajamwona mjukuu wake. Naomba niende kabla giza halijaingia, mume wangu atabaki, mumshike yeye.

Lwitiko ndiye mwenyekiti, akawa anageuza kurasa za Biblia. Mzee mmoja akasema, "Mchungaji bila mke atamfuata tu." Wakacheka. Mama Roda hakucheka, alikuwa analia. Akainuka akasema, "Mimi najua kumkosa mama. Huyu binti amwone mama yake." Moyo wangu ukaruka, Mama! Nikajua nimepona. Halafu akamalizia, "Kwa hiyo tukamlete mama yake hapa, akae nasi mpaka mwisho wake."

Vigelegele vikalipuka. Nikaruka na neno la kwanza lililonijia, nikasema kwa desturi yetu mama mkwe halali nyumba moja na mkwewe. Mzee Petro akatabasamu. "Hata kwetu sisi Wakonongo ni hivyo hivyo. Tutamjengea yake." Wakanyoosha mikono. Nikamtazama mume wangu, naye akanyoosha. Kesho yake asubuhi nilisikia watu wanachimba msingi nyuma ya kanisa. Sasa hivi ninavyoandika kuta zimefika kiunoni, na dirisha wameliweka upande wa jua la asubuhi, ili joto likusaidie miguu. Nani atawachukia watu kama hao? Nami nina hasira nao hata hivyo.

Basi, Mama, wageni ulio nao wametumwa kukuchukua. Watakubembeleza, na wanajua kubembeleza. Nakuomba ukatae. Ukija, watafurahi, wataniita mwenye bahati, na mimi sitakuwa tena na pa kuomba kwenda. Tutazikwa hapa wote wawili, na nyumba ya Baba itaota majani.

Usiwafukuze, wala usiwaaibishe. Waambie hivi: mama hachukuliwi na wageni, sitoki hapa mpaka binti yangu aje anishike mkono mwenyewe. Hilo wakirudi nalo mkutanoni, Mama Roda atalia upya, na sidhani kama watapata jibu.

Mzee Petro atakuuliza kama ukinipata utanirudisha. Usimwapie, Mama, maana hata mimi sijui. Kuna siku nasema nikiikanyaga Tukuyu hawanioni tena. Kuna siku nasikia kwaya inafanya mazoezi, naona hakuna mahali pengine nitakapopendwa namna hii. Ninachotaka ni nije kwako, nilale, niamke, halafu niamue mwenyewe kurudi.

Nisalimie kaka Anyelwisye na wifi yangu, na ule mguu wa wifi upone. Msalimie shangazi anayeuza ndizi stendi, mwambie Tumaini ana sauti yake ile ile ya kuita wateja. Msalimie na mama mzee jirani, yule uliyedhani kuku ni wake.

Najua nikikuambia ukatae, huenda nakuambia usimwone mjukuu wako kabisa, endapo na wao wataendelea kushikilia lao. Nimeliwaza hilo hadi kichwa kinaniuma. Tumaini amejifunza kusema "bibi", Mama. Nakuhitaji kuliko siku zote. Usije.

Ni mimi mtoto wako,
Atupele