Babu Revocatus na Barua Mbili za Kamanda

Leo umetimia mwaka, Babu Revocatus, tangu ufumbe macho hapa Isevya na kutuachia sanduku la bati lenye kufuli mbili. Kufuli mbili, Babu, kwa makaratasi?

Tunakukumbuka kwa upole wako. Ulipokuwa kijana wa reli pale Igalula uliwasomea watu barua zao na kuwaandikia majibu, wala hukudai hata hindi la kuchoma. Mimi uliniandikia barua ya ugonjwa niipeleke shuleni, nami mzima natafuna muwa. Ukamalizia kama kawaida yako: "Nakomea hapa kwa uchache wa karatasi." Nusu ya karatasi ilikuwa tupu.

Ulipenda kutusimulia Vita vya Kagera. Kwamba Bibi Recheli, akiwa msichana, alimwandikia kamanda mkubwa kupitia kwako kumuuliza kama mchumba wake Mayala atarudi, na kamanda akamjibu kwa mkono wake. Ukamsomea wewe: "Binti, usimsubiri. Olewa na kijana mwenye kazi aliye karibu."

Aliyekuwa karibu ni nani? Wewe.

Juzi, baada ya misa ya kumbukumbu yako, alifika mzee kutoka Usinge. Ndiye Mayala, mzima kabisa! Anasema akiwa vitani alikutumia ujumbe umwombee kwa kamanda ruhusa ya kuja kuoa, maana mwandiko wako ulisifika. Akatoa jibu alilolipata: "Kijana, pigana. Recheli ameshaolewa." Tarehe yake ni miezi miwili kabla ya ndoa yenu.

Bibi akaleta barua yake. Tukaziweka pamoja mezani. Zote mbili zimekomea hapo kwa uchache wa karatasi.

"Labda vitani karatasi zilikuwa za shida, mama," Shangazi Advera akakutetea.

"Nyamaza, Advera." Bibi akammiminia mgeni chai. "Mayala, uliniandikia mara ngapi?"

"Mara saba."

"Mimi sikupata hata moja."

Hapo sote tukageuka kulitazama sanduku lako.

Unakumbukwa na mkeo Recheli, wanao Advera na Damas, na mimi mjukuu wako Valentino, uliyenifundisha kuandika. Tulikupenda, na bado tunakupenda, ingawa sasa tunakutazama pichani kwa jicho la pembeni.

Hatutakusahau kamwe, Babu. Bibi anasema yeye hata akitaka hawezi. Jumamosi fundi anakuja kukata kufuli.