Saidi Ameshika Sikio

Baba Saidi, mume wangu,

Huko uliko usinicheke. Barua ndefu siziwezi, ila leo sina mwingine wa kumwambia. Mwanao ameshika sikio.

Unajua mwenyewe ulivyokuwa ukiwapanga watoto wa mtaa kwenye mashindano ya vigari. Umri wao hata mama zao walikuwa wakibahatisha, kwa hiyo kila mmoja ulimwambia apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Asiyelifikia alipewa magurudumu ya mbao, akashindane na wadogo wenzake Mnazi Mmoja, kwenye tambarare. Anayelifikia alifunga magurudumu ya bering, ya chuma, yanayokwenda kasi, akapanda na kuteremka mteremko wa Jangwani. Lakini ulimfungua na mdomo. Kama meno ya mbele ya utoto bado yapo, sikio halikumsaidia kitu. Na kigari kisicho na breki ya kipande cha tairi ulikipiga teke.

Sasa mwenye mashindano ni Shabani, yule uliyemfundisha ufundi wa baiskeli. Kakumbuka sikio, kasahau meno. Saidi kachukua mikono yako, mirefu hiyo, na hajang'oa hata jino moja. Nilimfuata Shabani dukani nikamweleza. Akanijibu, "Shemeji, sheria kaiweka marehemu mwenyewe." Nilitamani kumzaba kibao. Breki nazo kazifuta, eti tairi kuukuu hazipatikani, watu wamezimaliza kwa kushonea viatu.

Na masika ya mwaka huu yamekuja vibaya. Kule chini maji yamefunika mtaro, huoni barabara inaishia wapi. Juzi akina Shabani waliachia kigari kitupu kukijaribu. Kiliingia majini kwa kishindo na mpaka leo hakijaibuka. Watu wakapiga makofi, Baba Saidi. Makofi!

Tangu siku hiyo, bering ikilia barabarani naacha chungu jikoni natoka mbio kumtafuta. Namkuta anapaka grisi, anaimba, ananiambia baba alikuwa bingwa. Nikimfungia ndani atatokea dirishani. Nikimchapa atakwenda huku analia, lakini atakwenda.

Nimekukasirikia, nisikufiche. Umeondoka mapema mno, ukatuachia sheria nusu. Halafu nakumbuka ulivyokuwa ukirudi jioni na vidole vyeusi, unanishika shavu makusudi ili nipige kelele, hasira yote inaniisha. Nabaki nalia tu.

Pumzika, mume wangu. Jumapili, siku ya mashindano, majirani watakuja kunipitia twende kushangilia, na hawatanikuta. Nitakuwa nimeshatangulia, nimetandika mkeka katikati ya mteremko, nimekaa. Shabani akitaka kuwaachia watoto, awaachie. Nakuahidi, kigari cha Saidi hakitafika kwenye yale maji kabla hakijanipitia mimi.

Mkeo,
Mama Saidi