Onyesho la Jumapili

Nyar Kendu,

Leo ni Jumatatu na sijafungua kibanda. Nyanya zimeingia soko la Suna bila mimi. Miguu imevimba, mgongo hautaki kunyooka, na wewe ungenicheka. Ungesema Boke anazeeka kumpita mumewe. Cheka tu. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichoelewana nacho. Kijaluo changu bado ni cha kuuliza bei na kukuita Nyar Kendu, binti wa Kendu, na Kikuria chako kilikuwa matusi mawili tu, tena uliyatamka vibaya.

Jana tulikuwa Homa Bay. Kikundi chako kilienda kuigiza kama kila mwaka, nami nikapanga safari ya wamama wa soko kwenda kuwaona, kama kila mwaka. Ila kupanga peke yangu kumenichosha mno. Zamani mimi nilishika gari na watu, wewe ukashika chakula na nani asikae karibu na nani. Sasa nimebaki na daftari. Nilisahau chumvi ya mayai. Niliwakalisha pamoja wale wawili ambao hawasalimiani tangu wagombanie kivuli cha mwavuli pale sokoni, wakanuna mpaka Rongo. Kutoka Rongo walianza kunisema mimi, basi angalau wakapatana.

Sehemu yako, ile ya mama mkwe anayehesabu vijiko, amepewa Achieng, fundi wa nguo. Anajitahidi. Lakini anaharakisha maneno, na pale ulipokuwa ukinyamaza mpaka watu wanaanza kucheka wenyewe, yeye hanyamazi. Alivaa leso yako, maana mumeo aliitoa. Nilipoiona ikitokea nyuma ya pazia nililia, wala sikujificha.

Lakini si hayo yaliyonikalisha chini kuandika. Nataka kukueleza habari ya mama yako.

Wiki tatu zilizopita nilienda kwake Kendu Bay kumwomba aje onyeshoni tuwe naye. Tangu mazishi yako sikuwa nimefika. Nilijua atakataa. Miaka yote uliniambia, "Mama hapendi mambo ya jukwaa," nami nikamchukulia kuwa mwanamke mkali asiyetaka kuona mtoto wake akichekesha watu. Nilipomtajia Jumamosi, alishusha pumzi. "Nyathina, mtoto wangu, Jumamosi ni Sabato. Mimi huwa kanisa. Kila mwaka ni hivyo hivyo." Nikamwambia basi aje kesho yake, kwa sababu huwa wanaigiza siku mbili. Akaniangalia sana. "Kwani iko ya Jumapili?"

Hakujua, Nyar Kendu. Miaka yote saba hakujua.

Na Jumamosi niliichagua mimi. Wewe mwenyewe ulishaacha Sabato tangu uolewe. Ulikuwa unauza Jumamosi kama sisi na kunywa chai kama sisi, kwa hivyo sikukumbuka hata siku moja kwamba umetoka nyumba ya Wasabato. Jumapili nilikuwa na misa, na Jumatatu alfajiri mzigo unaingia. Nilitaka siku moja ya kulala. Sababu ilikuwa hiyo tu.

Nikiwa bado kwake, nimeshika kikombe cha uji kwa sababu majani ya chai hayaingii nyumba ile, ndipo nikakumbuka. Ulikuwa mwaka wa kwanza au wa pili. Tulikuwa tunachambua nyanya zilizooza, umeinama, hukuniangalia. Ulisema, "Na tukienda ile ya Jumapili?" Nikakujibu, "Jumapili mimi nimechoka." Ukasema sawa, ukaendelea kuchambua. Hukurudia tena. Ulikuwa mtu wa kuomba mara moja tu, nami nilikujua hivyo.

Nimekukasirikia kwa hilo, nisikufiche. Ungenigombeza. Ungesema, Boke, ni mama yangu, hawezi kupanda gari peke yake mpaka Homa Bay, na mimi siku hiyo niko nyuma ya pazia tangu asubuhi; mtafutie wewe wa kumleta, ukae naye. Ningeamka. Nadhani ningeamka.

Basi mwaka huu tulikwenda Jumapili. Niliwahi misa ya kwanza, tukaondoka. Mama yako aliletwa na jirani yake, akatukuta mlangoni mwa ukumbi, amevaa gauni lake jeupe la kanisa. Nilimbebea uji kwenye chupa. Nilimkalisha mstari wa mbele. Alicheka mara mbili, na Achieng alipofika pale pa vijiko, mama yako alinivuta mkono wa blauzi, akauliza kama na wewe ulikuwa ukifanya hivyo. Nikamwambia ulifanya vizuri zaidi. Mungu anisamehe, nadhani Achieng alisikia.

Watu walipotoka mama yako hakuinuka. Aliniuliza ulikuwa ukisimama wapi. Nikamwonyesha, karibu na meza, upande wa dirisha. Akapanda ngazi zile tatu polepole, akasimama pale na mkoba wake, akiangalia viti vitupu. Alikaa sana. Dereva alikuja kutuita, nikamwashiria atoke.

Halafu tukaenda kula samaki karibu na ziwa. Wenzetu walikuwa wanapiga kelele za kuagiza, yeye akaniinamia. "Mimi nilikuwa nafikiria anachagua Sabato makusudi, ndio nisikuje. Nilifikiria ananionea aibu, mimi mama wa kijijini." Alisema bila kulia, kama mtu anayeeleza ugonjwa aliouzoea.

Nilikuwa na samaki mdomoni, nikatafuna. Nilitafuna mpaka nafasi ya kusema ikapita, na jirani yake akaja kusema wanaondoka. Aliniombea safari njema. Akanishukuru. Mimi ndiye niliyeshukuriwa, Nyar Kendu, akanishika mikono yote miwili mbele ya watu.

Tangu jana sina amani. Nimechoka na soko, nimechoka na barabara, na zaidi nimechoka kukosa mtu wa kumwambia jambo kama hili, maana ungekuwa wewe. Mume wangu ananiambia niache, marehemu hafufuki na mama mzee asisumbuliwe. Ana nia njema. Lakini yule mama anakwenda kulala kila siku akidhani mtoto wake alimkwepa, na anayejua kwamba si kweli ni mimi peke yangu.

Pumzika, rafiki yangu. Kama kuna jukwaa huko uliko, usiharakishe maneno. Jumapili ijayo nyumbani wasinitafute. Nitakuwa Kendu Bay, mbele ya mama yako, hata akinifukuza. Nitamwambia kwamba siku niliichagua mimi. Nitamwambia kwamba uliuliza.

Wako,
Boke