Mkono wa Shaba Ndani ya Tangi

Barabara ya Gremda,
Sfax.
9 Novemba

Mpendwa Mjomba Mongi,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Kifua kinaendeleaje na baridi ya huko Grenoble? Mama anasema ulikohoa mno kwenye simu. Tafadhali ivae ile fulana ya sufu, usiifanye pambo la kabati. Sisi wazima, alhamdulillahi. Mizeituni imezaa na nyumba nzima inanukia mafuta mapya. Wazima wa mwili, nasema, maana roho yangu inachemka, na nisipokuandikia wewe nitapasuka.

Unawakumbuka konokono wangu wa zambarau. Ulipokuja kiangazi ulikaa mbele ya tangi lao la kioo mpaka chai ikapoa mkononi mwako. Unajua nilivyohangaika kuwapata: kuchagua wazazi, kuwatenga wenye gamba la kahawia, kuwachemshia mchicha, kuwasagia maganda ya mayai ili magamba yao yasitoboke. Sfax nzima hakuna mwingine aliye nao. Ukinitajia mmoja tu, nitanyamaza.

Basi sifa zikaenea. Wanawake wa mtaani wakawa wanakuja kuwatazama, na mama mkwe wangu, Bi Mannoubia, akaingiwa na hofu ya kijicho. Kwa samaki wanaokaa nao tangini hakuwa na wasiwasi, kwa kuwa kwetu samaki mwenyewe ni kinga. "Lakini hawa maskini wa Mungu," akasema, "watu wanawakodolea macho na hawana wa kuwatetea!"

Nilipokwenda kwa mama yangu kusaidia kuchuma zeituni, Bi Mannoubia akautoa mkono wake wa Fatma, ile hirizi ya kiganja ya kukinga kijicho, ule wa shaba nyekundu aliorithi kwa bibi yake. Akausugua kwa limau na chumvi hadi ukang'aa, akauzamisha tangini, katikati ya konokono. Shaba, Mjomba! Mimi ambaye hata dawa ya samaki siitii majini kabla ya kusoma maandishi yake, nisije nikatia yenye shaba, kwa sababu konokono havumilii hata chembe yake.

Niliporudi niliwakuta chali mchangani, wote, na maji yananuka. Samaki wanapita juu yao wakipepea mikia, msiba hauwahusu.

Unadhani aliomba radhi? Alinishika mkono, machozi yanamlengalenga. "Umeona, binti yangu? Jicho la watu limewala konokono. Mkono wangu umewaokoa samaki!"

"Mama, shaba ndiyo iliyowaua."

"Shaba? Tunapikia shaba tangu enzi za bibi yangu. Mbona mimi sijafa?"

"Kwani wewe ni konokono, mama?"

Weeh! Hapo ndipo mkosaji nikawa mimi. Mume wangu Chedly akaniambia asante ya punda ni mateke, eti mama alitaka heri. Ikabidi nimbusu mama mkwe kichwani na kuomba msamaha. Mimi! Mfiwa! Sasa majirani wanamletea keki za tende na kumwomba awatilie mkono kwenye vyombo vya maji vya kasuku wao. Tena mkono wenyewe bado umo tangini. Nikiutoa, anaurudisha, na kila mara ameusugua upya. Linaloniuma zaidi ni kwamba hana hata tone la ubaya moyoni. Mtu mbaya ningemjibu.

Sasa sikiliza jambo ambalo hata Chedly halijui. Konokono hawa hutaga nje ya maji. Siku ile nilipoinua kifuniko nilikuta kishada cha mayai ya waridi kimegandama chini yake, kikavu, maji hayakukigusa. Nikakibandua polepole, nikakilaza ndani ya kopo juu ya pamba yenye unyevu, nikalificha chumba cha kufulia. Jana asubuhi walianguliwa. Ni wadogo kama punje za kuskusi, na tayari wanatambaa.

Sikupiga kigelegele, sikumwita mtu. Nililia peke yangu na mlango nimeufunga.

Msalimie sana Mkazamjomba Saloua, na Emna umbusu mashavu yote mawili. Mama anakuombea dua kila swala. Mungu akupe afya na akurudishe kwetu salama. Na yeyote wa hapa akikupigia simu, mwambie umesikia msiba, konokono wamekwisha, umpe na pole. Jicho la jirani siliogopi hata kidogo, Mjomba. Ninachoogopa ni mapenzi ya nyumba hii.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Dalenda