Mikono Aliyoijua Andre

Mama yangu uliyelala ng'ambo ya mto,

Hukujua kusoma, na bado nakuandikia, kwa sababu hakuna mwingine aliyeuona mwanzo wa mambo haya.

Unakumbuka ulitaka nizae kwako, karibu na maporomoko, kama ulivyonizaa mimi? Mume wangu alikataa. Yeye ni karani, alitaka mtoto wake azaliwe hospitali, mikononi mwa masera, wale watawa wauguzi. "Mama mukwe, hii ni Stanleyville. Mambo ya zamani iliisha," alikuambia. Uchungu uliponishika, ulitufuata kwa miguu hadi hospitali. Getini mlinzi akakuzuia. Niliisikia sauti yako hadi ndani: "Ule iko mutoto yangu! Atazaa na nani?"

Nilizaa na watu nisiowajua, Mama. Andre alilia mara moja tu. Nilikiona kisigino chake, kisha masera akatoka naye. Walisema ni mdogo sana, na mimi nina homa. Akae chumba cha watoto, anywe maziwa ya chupa. Nilipomlilia, masera hakunifokea. Aliniwekea mkono begani. "Mutoto iko muzuri. Wewe lala tu." Ningelalaje? Nyuma ya ukuta watoto walilia pamoja, nami sikujua yupi ni wangu. Maziwa yalinijaa hadi nguo zikalowa. Yakauma, yakapungua, yakakauka.

Siku waliyonipa mtoto, walinipa kifurushi cheupe chenye harufu ya sabuni. Nilimwangalia nikaona mtoto wa mtu mwingine. Nikampa titi, akageuza uso, akalia mpaka sauti ikakatika. Nilipotoka naye, wewe ulikuwa unangoja nje, na hukunipongeza. "Nipe," ulisema. Ukamvua zile nguo zote, ukamlaza kifuani pako, ngozi kwa ngozi, ukamfunika na kitambaa chako. Akanyamaza.

Hapo ndipo alipopona, na hapo ndipo nilipompoteza.

Najua ulijaribu kumrudisha kwangu. Ulihamia kwetu, mtaa wa Kabondo, ukanilaza naye mkekani, ukanikanda matiti kwa maji moto, ukanipikia supu ya samaki. "Vumilia, atakujua," ulisema. Yalitoka matone, hayakumtosha. Akilia, alitafuta kifua chako. Alipoanza kusema, alikuita wewe mama; mimi aliniita Veronika, kama ulivyoniita wewe. Ulimkanya, ukamkanya tena. Mimi nilicheka mbele ya watu, kisha nikaenda kuchota maji ili nikae peke yangu.

Mdogo wake nilimzaa chumbani kwako, mume wangu akiwa safarini Banalia. Ulimweka juu ya tumbo langu akiwa bado na damu, akatambaa, mdomo wake ukitafuta titi, nikamjua papo hapo. Nililia sana. Ulidhani ni furaha.

Halafu ugonjwa wa mapafu ukakuchukua. Tulipokuzika, Andre alijitupa juu ya udongo. "Mama! Mama yangu!" Wanawake wakamwinua, wakamleta kwangu. "Usilie, papa," wakambembeleza. "Mama yako iko hapa." Alinitazama, akawajibu bila hasira yoyote, "Huyu iko Veronika."

Watu walitazama chini.

Sasa ananitii. Anasalimu, anashukuru, kama mgeni aliyelelewa vizuri. Mdogo wake akinipanda mapajani, yeye husogea kutupa nafasi. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote.

Juzi aliungua mkono jikoni. Alikimbilia kitanda chako, akakikuta kitupu, akarudi akasimama katikati ya nyumba, ameushika mkono wake, asijue aende kwa nani. Nilimfungulia mikono. Hakuja. Lakini hakutoka pia.

Basi nikaenda mimi. Alikuwa mgumu kama ubao nilipomkumbatia, Mama, na sikumwachia.

Lala salama huko uliko.

Binti yako, mama yake Andre