Tunakufahamu, ila Nywila Imeteleza

Jumatatu, 4 Machi

Mdogo wangu amelia leo maktabani. Hakulizwa na mtu. Amelizwa na sentensi!

Alikuwa amefungua Sikio, programu ya chuo ya kupokea malalamiko ya wanafunzi. Alitaka kujua kama lalamiko lake dhidi ya mhadhiri wa takwimu limesomwa. Akaandika namba yake ya usajili, akakosea nywila. Skrini ikawa nyekundu: KOSA. TAARIFA ZA KUINGIA SI SAHIHI. JARIBIO LIMEREKODIWA.

“Wamenirekodi, dada,” akaninong’oneza.

Na nani aliyemsukuma aandike? Mimi. Mhadhiri alipomwambia kwamba alama zake azifuate nyumbani kwa huyo mhadhiri, si darasani, yeye alitaka kunyamaza. Nikasimama kati ya vitanda vyetu viwili kana kwamba niko jukwaani: ukimya ni godoro la dhalimu! Akaandika. Tangu siku hiyo mlango ukigongwa anaruka. Nami naruka moyoni, ila sionyeshi. Chuoni naitwa Kipaza. Kipaza haruhusiwi kutetemeka.

Kejeli ni kwamba Sikio hutunzwa na ofisi ile ile ninakofanya mafunzo kwa vitendo. Ninakunywa nao chai kila siku. Hawajui kuhusu mdogo wangu, na hawatajua. Wala hawajui kuhusu barua ya onyo ya kamati ya nidhamu iliyo chini ya godoro langu. Ikija ya pili, chuo nimekiaga.

Ila sentensi ile nitaifukuza. Naapa!

Jumatano, 6 Machi

Kikao cha ofisi. Nimehutubia! Mambo mengine, mwishoni mwa ajenda, dakika kumi zilizobaki, nikazichukua zote.

Nikauliza: mtu amesahau nywila, je, huo ni wizi? Kwa nini tumkemee kama kibaka aliyekutwa dirishani? Mlango wa haki unabishwa hodi na mnyonge, nasi tumeufundisha kubweka! Meneja alicheka hadi miwani ikamteleza.

Fundi wetu wa usalama wa kompyuta, mama wa makamo tunayemwita Mama Kufuli, akainua kidole. Alisema ujumbe ule ni mkavu kwa sababu. Bawabu haajiriwi kuchangamka, alisema, anaajiriwa kuju— Nikamkatiza. Sikumsubiri amalize. Nikasema, huo ndio wimbo wa kila bawabu katika historia ya dhuluma! Meza ikapigwa. Meneja akasema, haya Kipaza, yaandike wewe hayo maneno laini.

Wakati wa kutoka Mama Kufuli alinishika bega. “Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, mwanangu. Haya, umtoe. Ila ujue kwanza ni nyoka gani.”

Nikamjibu kwa tabasamu la mshindi. Sasa, nikiwa peke yangu, sentensi yake niliyoikatisha inaniwasha kama upupu. Anaajiriwa kujua nini?

Ijumaa, 8 Machi

Nimeandika kurasa nne ili kupata mistari miwili.

Namba ya usajili isipokuwemo: “Samahani, namba hii hatuna. Huenda tarakimu moja imeteleza?”

Namba ikiwemo, ila nywila siyo: “Tunakufahamu, karibu tena! Ni nywila tu iliyoteleza. Jaribu polepole.”

Nyekundu nimeiondoa. Nimeweka samawati.

Mama Kufuli yuko ruhusa, anamuuguza mama yake. Meneja amesoma, amesema safi, na kufikia alasiri maneno yangu yalikuwa katika kompyuta zote kumi na mbili za maktaba. Nilimketisha mdogo wangu, nikamwambia akosee makusudi. Akaandika nywila ya upuuzi. Skrini ikamwambia, tunakufahamu. Akacheka! “Dada, imekuwa na adabu kuliko wewe.”

Leo sikuogopa. Nimehesabu: ni siku ya kwanza tangu aandike.

Jumatatu, 11 Machi

Ni mchana. Nimejifungia stoo ya ofisi. Niandike haraka, nikiacha nitapiga kelele.

Asubuhi zilikuwa sifa tupu. Ofisi ya mkuu wa chuo imetuma salamu za pongezi. Saa sita nikapita maktabani kuvuna nyingine. Mkutubi, mzee mcheshi, akanipokea kwa vicheko: programu yenu ina mashabiki! Yule msaidizi wa mhadhiri wa takwimu ameshinda pale kona tangu asubuhi na orodha ya darasa. Anaandika, anafuta, anaandika, anaweka alama kwa kalamu.

“Nikamuuliza, bwana, umesahau paswedi? Akaniambia, hapana mzee, nasalimiana tu.”

Nasalimiana tu.

Nilicheka pamoja naye. Kisha nikaelewa. Hahitaji nywila! Anaweka namba ya mwanafunzi, anagonga herufi zozote, anasubiri. Ikijibu samahani, hatuna — huyo hajalalamika. Ikijibu tunakufahamu — huyo anayo akaunti, na katika Sikio akaunti hufunguka siku unapoleta lalamiko, si kabla. Ujumbe wa zamani ulimbwekea kila mtu sawasawa, hivyo haukumtaja yeyote. Wangu unawataja. Kwa bashasha. Kwa rangi ya samawati!

Kunyamaza. Bawabu anaajiriwa kujua kunyamaza.

Na darasa la takwimu lina wanafunzi tisini. Mdogo wangu ni mmoja wao.

Jumanne, 12 Machi

Mama Kufuli amerudi. Nilimngoja mlangoni kabla hajaweka mkoba chini. Nikamwambia yote, hata ya mdogo wangu, hata ya barua. Kipaza bila sauti. Ilibidi ainame ili anisikie.

Hakunigombeza. Ningependelea anigombeze. Akaketi, akafungua daftari la mfumo, lile ambamo kila jaribio huingia lenyewe. Kumbe “limerekodiwa” haikuwa vitisho! Pale pale, jana, kompyuta ya kona: majaribio thelathini na nane, namba kwa mpangilio ule ule wa orodha ya darasa. Wanne wametajwa. Mdogo wangu ni wa hamsini na mbili.

Hajafikiwa. Nilirudia maneno hayo mpaka yakakosa maana. Hajafikiwa, hajafikiwa. Lakini wanne wale wana dada zao pia.

“Upole si kosa,” akasema Mama Kufuli. “Kosa ni kuwa mpole kwa namna mbili. Bembeleza utakavyo, lakini mbembeleze aliyemo na asiyemo kwa neno moja.”

Tukaandika pamoja: “Namba na nywila havijalingana. Humtokea kila mtu. Jaribu tena polepole.” Ni maneno mazuri kuliko yangu. Yanatuliza na hayasemi kitu.

Meneja hakutaka kutia saini. Mkuu amepongeza jana, tunabadilisha leo, ataulizwa kwa nini. Na hiyo kwa nini itataka jina la mtu. Mimi niliyewaambia wanafunzi mia tano kwamba woga ni mnyororo tunaojivalisha! Nikasema, andika langu. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto aliyevunja sahani. Akasema atalala na jambo hilo, kesho asubuhi atajibu.

Msaidizi hakuonekana leo. Mkutubi anasema Jumanne huwa ana vipindi. Kesho hana.

Mdogo wangu ameniuliza kwa nini sili. Nimemwambia naumwa tumbo. Nimemdanganya aliyeniamini.

Jumatano, 13 Machi

Saa nne asubuhi. Maktabani. Naandika ili mikono ipate kazi.

Meneja ametia saini saa tatu na nusu. Ila maneno haya yamo ndani ya kila kompyuta. Mapya hayaingii mpaka programu ifungwe na kufunguliwa upya. Nimezifunga na kuzifungua kumi na moja, moja baada ya nyingine, nikiwaomba radhi waliokuwa wakisoma. Imebaki ya kumi na mbili. Ya kona. Msaidizi ameketi hapo tangu mlango ulipofunguliwa, naye bado anaongea na maneno yangu ya Ijumaa.

Mkutubi amejaribu. Kwa heshima zote, bwana, tunafanya matengenezo. Akajibiwa, mzee wangu, mimi ni mtumishi wa chuo, nikimaliza nitakuita. Mama Kufuli amechukua kurasa za lile daftari la mfumo, amekwenda nazo kamati ya nidhamu. Ameniacha na amri moja: usiguse kitu, usimpe sababu, ukijiharibia wewe ushahidi wangu unageuka fujo za Kipaza. Nusu saa sasa. Hajarudi.

Nimeketi meza ya nyuma yake. Orodha naiona, na kalamu nyekundu. Amegeuka mara moja.

“Ah, Kipaza! Hii programu yenu ina lugha nzuri sana. Nani aliandika?”

“Ofisi,” nikasema.

“Mpeni zawadi.”

Yuko namba ya arobaini na tisa. Skrini siioni, shingo yake inatosha: ikiwa samahani, inabaki imeinama. Imebaki imeinama.

Waya wa kompyuta yake umepita chini ya meza yangu, mpaka kwenye ekstensheni iliyo sakafuni. Swichi yake nyekundu iko karibu na kiatu changu. Kuizima ni barua ya pili. Kuizima ni kuuvuruga ushahidi wa Mama Kufuli. Nikiiacha ilivyo—

Hamsini. Imeinama.

Natazama mlango. Mama Kufuli, tafadhali. Mama, njoo.

Hamsini na moja. Shingo imenyooka. Ameweka alama. Kuna mtu wa tano sasa, sijui ni nani, na nimemtaja mimi.

Kiatu changu kiko juu ya swichi. Anashusha kidole kwenye orodha. Anaandika tarakimu za mwanzo, nazijua kwa mlio wa kibodi, ni zile zile zilizo kwenye kitambulisho kilichoning’inia juu ya kitanda cha pili, cha mdogo wangu. Nakanyaga.